Jua Cali, tuimbie zilizopendwa! Albamu ninayoingoja na bado haijarekodiwa

Kuna albamu moja naingoja kwa hamu sana. Shida ni kwamba haijarekodiwa. Haijatangazwa popote, na msanii ninayetaka aiimbe hajaahidi mtu yeyote kitu. Lakini naingoja tu, vile wewe hungoja matatu ya 58 usiku mvua ikinyesha: hujui itafika saa ngapi, na bado hutoki stejini.

Albamu yenyewe ni hii: Jua Cali akiimba nyimbo za watu wengine, mwanzo hadi mwisho. Si ngoma zake. Nyimbo za Daudi Kabaka, za Gabriel Omolo, za Les Wanyika, za Kalamashaka. Zile nyimbo ambazo buda wako alikuwa akizipiga Jumapili asubuhi nawe ukiomba stima ipotee. Wasanii huziita kava: unachukua wimbo wa mwenzako, unauimba wewe, kwa sauti yako na midundo yako, huku kila mtu akijua ni wa nani.

Usicheke kwanza. Keti hapa kwa base nikueleze ni kwa nini jambo hili linaninyima usingizi.

REDIO MOJA, WANAUME WAWILI

Nililelewa Maringo, katika nyumba ya kanjo. Ukoo mzima, mlango mmoja, redio kaseti moja. Redio ilikuwa ya mzee, na kila mtu alijua hivyo. Jumapili asubuhi angeivuta hadi dirishani, aipanguse vumbi kwa kitambaa, halafu atie kaseti. Akianza na Daudi Kabaka, ujue leo yuko sawa. Akianza na Fadhili William, ujue kuna kitu kinamsumbua na usimwombe pesa.

Mimi nilikuwa na kaseti yangu moja. Niliirekodi kutoka kwa jirani, juu ya mahubiri ya mtu fulani ambaye mpaka leo sijamwomba msamaha. Ndani yake kulikuwa na genge: Nonini, Jua Cali, na vijana wengine wa Calif Records. Mzee akitoka kwenda kucheza drafti, mimi naingia kwa redio. Akirudi kabla wimbo haujaisha, vita.

"Hiyo ni muziki ama ni watu wanagombana?" angeuliza.

"Buda, hao ni watu wa hapa tu, California. Hata ukitembea unafika."

"Kama ni watu wa hapa, mbona siwasikii wanasema nini?"

Kwenu huenda ilikuwa hivyo pia. Mzee anadai muziki ulikufa zamani. Kijana anadai muziki ulizaliwa juzi. Na redio ni moja.

Kisha ikaja Bidii Yangu. Nilikuwa nimeiweka kwa sauti ya chini, mzee akiwa amejilaza kitandani na gazeti usoni. Nilidhani amelala. Wimbo ulipoisha akasema bila kutoa gazeti, "Rudisha hiyo." Nikairudisha. Akasikiliza hadi mwisho. Mtu anayesimulia alivyohangaika kujitafutia riziki, mzee alimwelewa bila kutafsiriwa. Hakusema tena kitu, lakini kuanzia siku hiyo Jua Cali aliruhusiwa kwa redio yake Jumapili, baada ya Kabaka.

Kwa hivyo nikisema nataka albamu hiyo, ujue najaribu kurudisha Jumapili moja.

KWA NINI YEYE

Kama una miaka 18 na unasikiliza Wakadinali au Buruklyn Boyz kutwa, huenda unamjua Jua Cali kama jina kubwa tu la zamani. Wacha nikukumbushe.

Jina lake la kuzaliwa ni Paul Nunda. Mtaa wake ni California, hapo karibu na Eastleigh. Hilo jina la kisanii ni mchezo wa maneno: Cali ni California, na jua kali ni wale mafundi wetu wanaopiga bati na kuchomelea vyuma chini ya jua bila paa. Mtu aliyejiita hivyo alikuwa ameshachagua anaimbia nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye na prodyuza Clemo waliijenga Calif Records, studio iliyoubeba mtindo wa genge. Genge ni kikundi cha watu, na muziki wenyewe ulikuwa hivyo: Sheng ya mtaani, hadithi za mtaani, midundo ya kufanya kichwa kitikisike. Albamu yake Juacali Sekta ilitoka 2006. Wimbo wake Kwaheri, aliomshirikisha Sanaipei Tande, ulipigwa harusini, kwa matatu na kwa mazishi ya mapenzi ya watu wengi.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao albamu hiyo ilitoka ashapata kitambulisho na anaweza kupiga kura. Vijana waliorukaruka na genge sasa ni wazazi wanaopigia watoto kelele wazime drill. Mimi mwenyewe nimepita thelathini. Katiba bado inaniita kijana hadi nifike 35, lakini magoti yameshaanza kukataa.

Unaelewa maana yake? Genge nayo ni zilizopendwa. DJ wa matatu akitangaza "sasa tunarudi nyuma kidogo," anaweka Jua Cali vile mzee wangu alivyokuwa akiweka Kabaka. Ndiyo maana yeye ndiye anayefaa. Amesimama katikati: wazee walio juu yake anawajua, na vijana walio chini yake wanamheshimu. Daraja huwekwa mahali ambapo pande zote mbili zinafikika.

KAVA SI MZAHA

Najua unachofikiria. Kava ni za bendi ya harusi, ama za yule jamaa wa gitaa moja anayeimba nyimbo za wenyewe kwa klabu hadi saa tisa usiku. Lakini angalia nani wamewahi kuzifanya.

Them Mushrooms, bendi ya Pwani iliyotupatia Jambo Bwana mwaka wa 1982, walimtafuta mzee Fundi Konde wakarekodi naye upya nyimbo zake. Huyo ni mtu aliyekuwa akipiga gitaa tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipopelekwa hadi Burma kuwatumbuiza wanajeshi wa Afrika Mashariki. Vijana waliokuwa hawajawahi kumsikia wakamsikia. Alikuwa hai, akaona wimbo wake ukizaliwa mara ya pili.

Angelique Kidjo wa Benin naye alifanya kitu cha ajabu mwaka wa 2018. Alichukua albamu nzima ya Talking Heads, bendi ya Marekani, iitwayo Remain in Light, iliyotoka 1980, akaiimba yote upya. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani hao walikuwa wameathiriwa na Afrobeat ya Fela Kuti. Kidjo alisikia Afrika ndani ya albamu hiyo, akaenda kuichukua akairudisha nyumbani.

Na sisi tumeimbwa na wengi. Helule Helule ya Daudi Kabaka ilirekodiwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka wa 1968, ikapigwa kwa redio za kwao. Jambo Bwana ilichukuliwa na Boney M. Malaika imeimbwa na Miriam Makeba, na Boney M, na huyohuyo Kidjo. Sasa nijibu: kama watu wa London walisikia utamu wa Kabaka, kijana wa Jericho anashindwa wapi?

Hata hapa Eastlands kuna aliyeonyesha njia, ingawa kwa mtindo mwingine. Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia ni Joseph Kamaru na hujiita KMRU, aliishi utotoni Kariokor. Yeye hutengeneza muziki wa sauti na mazingira, tofauti kabisa na wa babu yake, na anajulikana hadi Ulaya. Lakini alichukua kazi za guka wake akaanza kuzitoa upya mtandaoni ili zisipotee. Hakusubiri serikali imjengee jumba la makumbusho.

PESA NA JINA LA MTU

Hapa ndipo nataka tuwe makini. Kava inaweza kuwa heshima, na inaweza kuwa wizi uliovaa suti.

Chukua Malaika. Huenda ndio wimbo wetu unaojulikana zaidi duniani. Fadhili William ndiye aliyeurekodi hapa Nairobi miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililoandikwa. Lakini kuna wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, na kwamba aliutunga miaka ya 1940. Mabishano hayo hayajawahi kuisha. Wimbo ulizunguka dunia, ukaimbwa majukwaani na watu wakubwa, na huku nyumbani watu bado wanauliza ni wa nani. Kama wimbo mkubwa hivyo unaweza kukosa baba, fikiria ule mdogo uliorekodiwa River Road ukauzwa kaseti mia mbili.

Sheria iko wazi kuliko tunavyodhani. Hapa Kenya, hakimiliki ya mtunzi wa muziki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Daudi Kabaka na Fadhili William wote waliaga dunia 2001. Hiyo inatufikisha mwisho wa 2051. Kwa hivyo mtu akikuambia "hizo ni nyimbo za zamani, hazina mwenyewe," mwambie aongeze hesabu. Zina wenyewe: wajane, watoto, wajukuu, ama kampuni iliyonunua haki. Ruhusa inaombwa, jina linaandikwa, na pesa zikija zinagawanywa.

Jua Cali akiifanya albamu hii, nataka aanze hapo. Kwenye kila wimbo tuone jina la mtunzi likiwa kubwa kama lake. Kijana wa Kayole akisikiliza kwa simu, jina la Kabaka limtazame usoni. Najua familia za wasanii wengi wa zamani husikia nyimbo za mzee wao redioni bila kuona kitu mfukoni. Albamu moja haitamaliza shida hiyo. Lakini itaonyesha kuwa inawezekana kufanya jambo sawasawa.

ORODHA YANGU

Basi, kama ningepewa nafasi ya kumnong'onezea, hizi ndizo ningempa.

Ya kwanza, Helule Helule. Gitaa la twisti libaki hivyohivyo, asiliguse. Abadilishe ngoma tu, aweke mdundo mzito wa genge chini yake. Nataka kuona nyanya na mjukuu wakicheza wimbo mmoja bila kuangaliana vibaya.

Ya pili, Lunch Time ya Gabriel Omolo. Huu ulitoka miaka ya 1970, unahusu saa ya chakula cha mchana mjini, wakati kila mtu anatoka ofisini na si kila mtu anaenda kula. Wengine huenda kujilaza kwenye nyasi hadi saa nane. Nenda Uhuru Park ama Jeevanjee leo saa saba mchana uniambie nini kimebadilika. Jua Cali hahitaji hata kuongeza neno. Aimbe tu vile ulivyo, na mtu wa mjengo aliyekunywa chai ya rangi kama lanchi atajisikia ametajwa.

Ya tatu, Sina Makosa ya Les Wanyika. Hapa nataka amwite Sanaipei tena. Kwa miaka zaidi ya 40 tumemsikiliza mwanamume akijitetea kwamba analaumiwa bure. Mwanamke naye apewe maikrofoni ajibu.

Ya nne, Tafsiri Hii ya Kalamashaka. Hii ni ngumu, kwa sababu marapa hawarudii mistari ya marapa wenzao. Wanaona ni aibu. Lakini vijana hao wa Dandora ndio waliofungua mlango miaka ya 1990, wakati redio zetu zilikuwa zimejaa Wamarekani, wakaonyesha kuwa unaweza kurap kwa Kiswahili cha ghetto na nchi nzima ikanyamaza kusikiliza. Bila wao, genge ingepita wapi? Mwanamuziki wa kwaya haoni aibu kuimba wimbo wa mwingine. Rapa aache maringo.

Ya tano, wimbo wowote wa E-Sir. Alifariki katika ajali Machi 2003 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Umri ambao Jua Cali ameufikia, E-Sir hakuuona. Nataka kusikia maneno ya kijana yakitoka kwa koo la mtu mzima.

Na ya sita? Hiyo sina jina lake. Subiri.

LAKINI NANI ATASIKILIZA?

Rafiki yangu mmoja wa Umoja, ambaye hutengeneza biti kwa kompyuta chumbani kwake, aliniambia wazi, "Buda, hiyo albamu itasikilizwa na wewe na mathe wako. Vijana wanataka kitu kipya."

Ni hoja ya haki, na sitaikwepa. Msanii analipa kodi ya nyumba kwa vitu vinavyosikilizwa, si kwa kumbukumbu zangu. Na ni kweli kuna wanaokimbilia kava kwa sababu mawazo yamewaishia.

Lakini nilimuuliza swali moja: hizo biti zako, gitaa lile unalokatakata na kurudia umelitoa wapi? Akacheka. Alikuwa amelitoa kwa rumba ya zamani aliyoikuta mtandaoni. Hakujua bendi. Hakujua mwaka. Alijua tu kwamba ni tamu. Kwa hivyo vijana tayari wanasikiliza zilizopendwa, ila vipande vipande na bila jina. Tofauti kati ya kukata kipande na kuimba kava ni kwamba kava inakulazimisha kusema umetoa wapi, na kuujifunza wimbo wote hadi mwisho.

SANDUKU LA MZEE

Mzee wangu hayupo tena. Tulipomaliza mazishi na kurudi Maringo, mathe alivuta sanduku chini ya kitanda akaniambia, "Hizi ni zako, wewe ndiye mlikuwa mnapigania redio." Zilikuwa kaseti 31. Maandishi ya kalamu kwenye karatasi yalikuwa yameshafifia, mengine yameliwa na unyevu.

Nilizipeleka kwa fundi wa redio Jogoo Road ambaye bado ana deki inayofanya kazi. Tulijaribu moja moja. Nyingi zilikuwa na kuvu. Zingine utepe ulikatika hapohapo, ukatoka kama utumbo wa kuku. Kufikia jioni zilikuwa zimebaki nne zinazocheza. Tatu nilizitambua. Ya nne ina wimbo mmoja wa mwanamume, magitaa mawili na chupa inayogongwa. Ni wimbo aliokuwa akiurudia sana. Naukumbuka tangu nikiwa mdogo.

Sijui ni wa nani. Niliuchezea mathe, akasema, "Huo alikuwa anaupenda," basi. Niliupeleka kwa wazee wa drafti. Mmoja akasema ni wa vijana wa River Road, mwingine akakataa. Yule aliyekuwa akijua kila kitu, wakanionyesha kiti chake: alifariki mwaka mmoja kabla ya mzee. Niliweka simu karibu na spika nikafungua ile programu ya kutambua nyimbo. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema haikupata kitu.

Miaka yote hiyo mwenye jibu alikuwa amelala kitanda kile pale, gazeti usoni, na mimi nikingoja atoke nicheze kaseti yangu. Ningeuliza swali moja tu.

Hiyo ndiyo namba sita. Siwezi kumwomba Jua Cali auimbe, kwa sababu siwezi kumwambia aombe ruhusa kwa nani.

Kwa hivyo mimi naendelea kungoja albamu yangu. Labda itakuja, labda haitakuja, labda atakayeifanya ni wewe unayesoma hapa na una studio kwa chumba cha kulala. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji kungoja. Jumapili hii, kama mzee wako ama nyanya yako yuko, zima simu yako kidogo. Mwombe akutajie wimbo mmoja aliokuwa akiupenda akiwa na umri wako. Muulize uliimbwa na nani, aliusikia wapi, alikuwa na nani. Andika. Kisha muulize kama anaweza kukuimbia kidogo, na umrekodi.

Atajifanya ana aibu. Msukume kidogo tu, ataimba.